Kutumia Tena Mahitaji ya Programu

Kabla ya programu ya kompyuta kuandikwa, huandikwa kwanza mahitaji yake, yaani maelezo ya kazi itakayofanya. Mahitaji hayo, pamoja na michoro na majaribio, yaweza kutumiwa tena katika mradi mwingine.

Katika zahanati ya kijijini, tuseme milimani Vidunda, wilayani Kilosa, chanjo za watoto huandikwa katika vitabu vya MTUHA. Jumla ya kila mwezi hupanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Hitaji kama hilo ndilo lililozaa programu ya DHIS huko Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Toleo lake la pili, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, lilikuwa limeenea Tanzania nzima kufikia mwaka 2013. Kanuni ni ile ile: waliochanjwa hugawanywa kwa idadi ya watoto walengwa, kisha huzidishwa kwa 100. Ngazi za utawala, fomu na orodha ya vituo hujazwa na kila nchi.

Hatari imo katika masharti yanayorithiwa bila kuchunguzwa, nayo yalionekana wazi huko Ulaya. Tarehe 4 Juni, 1996, roketi ya Ariane 5 iliangamia sekunde 40 hivi baada ya kuanza safari. Ilirithi programu ya Ariane 4, ambayo kasi yake ya mlalo ilikuwa ndogo zaidi. Namba iliyotokana na kasi mpya haikuenea katika biti 16 ilizotengewa. Ajabu ni kwamba sehemu hiyo ya programu haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5 baada ya kuruka.