Neno la Siri ni Sahihi, Mbona Umefungiwa?

Una duka, unauza pia mtandaoni, na asubuhi unataka kuingia kwenye tovuti yako uone nani amelipa. Unaandika neno la siri vizuri kabisa, halafu unaambiwa umejaribu mara nyingi mno, subiri. Usikimbilie kulibadilisha. Jiulize kwanza: kimefungwa nini hasa, akaunti yako ama intaneti unayotumia?

Kufungiwa kwenyewe si ubaya. PIN ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000 tu, na kompyuta ikiachiwa itaijaribu yote. Ikiruhusiwa mara 3 pekee, nafasi yake ni 3 kwa 10,000. Kwa hivyo fundi akikuambia "wacha tuizime tu", kataa.

Shida huwa kwenye hesabu. Tovuti nyingi za Django hutumia programu ya ulinzi iitwayo Axes. Mipangilio yake isipoguswa, inafunga baada ya makosa 3, na inahesabu anwani ya IP, si jina la mtumiaji. Sasa fikiria Wi-Fi ya duka: nyote mnaonekana kama anwani moja. Hata bando la simu mara nyingi ni hivyo, kwa sababu mitandao hupitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Kijana wa stoo akikosea mara tatu, wewe pia uko nje. Na kama tovuti imekaa nyuma ya proksi ambayo haijapangwa sawasawa, dunia nzima inaonekana kutoka sehemu moja. Mmoja akikosea, wote mnalala nje.

Jaribu hivi: zima Wi-Fi, washa bando, ingia tena. Ukiingia, anwani ndiyo ilikuwa imefungwa. Ukikataliwa, uliza wenzako walio kwingine. Wakiingia wao, angalia jina lako. Wakikwama pia, shuku proksi.

Ukiona "419 Page Expired", hiyo ni kitu kingine. Laravel kwa kawaida humaliza kikao baada ya dakika 120 bila kazi. Fungua ukurasa upya, basi.

Mwambie fundi ahesabu jina na anwani kwa pamoja, na aweke muda wa kufunguka. Bila huo, Axes haifungui hadi msimamizi aondoe mwenyewe. Kwa proksi, asiamini anwani yoyote inayoletwa na kivinjari, maana mdukuzi anaweza kuibuni. Na akipiga mtu usiyemjua akisema atakufungulia ukimtumia kodi iliyoingia kwa SMS, kata simu.

Akimaliza kurekebisha, mwambie fundi akosee makusudi mara tatu kwa jina lake, kwenye Wi-Fi ya duka. Wewe ingia hapo hapo kwa jina lako. Ukipita, mlipe.