Soma Nchi Kabla ya Hekalu: Mafunzo Niliyopata Buriram

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Thailand huishia Bangkok kwa ajili ya biashara, na wenye nafasi hushuka hadi fukwe za Phuket. Buriram haitajwi. Ni mkoa wa wakulima wa mpunga katika Isan, yaani kaskazini-mashariki mwa nchi, unaopakana na Kambodia upande wa kusini, na treni kutoka Bangkok hukata kilomita zipatazo 400 kuufikia. Nimeutembelea wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, na kila niliporudi nilizidi kuamini jambo moja: pale Buriram mlima, maji, udongo na hekalu ni habari moja. Anayepiga picha hekalu na kugeuza gari anaondoka na kipande tu cha habari hiyo. Haya ndiyo niliyojifunza, nayaandika kwa ajili ya atakayetaka kwenda.

1. Anza na mlima

Kwenye tambarare ya Buriram zimechomoza volkano kadhaa zilizozimika zamani sana. Khao Kradong iko kando ya mji wa Buriram wenyewe. Phanom Rung iko zaidi ya kilomita 60 kusini, na Khao Phra Angkhan haiko mbali na hiyo. Hazina urefu wa kutisha: Phanom Rung inafika mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na aliyekulia chini ya Mlima Meru au Nyiragongo anaweza kuiita kilima. Lakini nchi yenyewe ni bapa, majaruba hadi upeo wa macho, hivyo kilima hicho huonekana kutoka mbali na kutoka kila upande. Watawala wa dola ya Khmer, ambao makao yao makuu yalikuwa Angkor, walikiona kuwa mfano wa Kailasa, mlima anamokaa Shiva katika imani ya Kihindu. Ndiyo sababu hekalu lilijengwa pale juu.

Kwa hiyo nashauri siku ya kwanza uitumie Khao Kradong. Panda ngazi zake ndefu hadi kwenye sanamu kubwa ya Buddha, kisha tembea msituni kwenye ukingo wa kasoko. Shika lile jiwe jeusi lenye vitundu vitundu, ujue limetoka tumboni mwa ardhi. Ukifanya hivyo, kila utakachoonyeshwa baadaye mkoani humo kitakuwa na mahali pa kukaa kichwani mwako.

2. Ingia kwa mlango ambao wajenzi waliukusudia

Phanom Rung ilijengwa kwa awamu, kati ya karne ya 10 na ya 13. Mnara mkuu ni wa karne ya 12, kazi ya Narendraditya, mtu wa ukoo wa mfalme Suryavarman II, aliyejenga Angkor Wat. Leo kuna maegesho ya magari karibu kabisa na hekalu, na vikundi vingi huteremshwa hapo ili kuokoa muda. Mwombe dereva wako akuteremshe upande wa mashariki, chini, uanze safari pale ilipokusudiwa kuanzia.

Kutoka hapo utapita njia iliyonyooka ya mita 160, iliyosakafiwa kwa mawe na kupangwa nguzo fupi zenye vichwa vya umbo la matumba ya yungiyungi kila upande. Utafika kwenye daraja la naga, nyoka wa kimungu mwenye vichwa vitano, ambaye mwili wake ndio kingo za daraja. Hapo mtu alihesabiwa kuwa ametoka katika dunia ya wanadamu na kuingia ya miungu. Halafu ngazi. Ukiwa unapanda, mnara unakupotea machoni, unarudi, unapotea tena, hadi unapofika juu umesimama mbele yako wote.

Ndani, milango 15 imepangwa katika mstari mmoja, kiasi kwamba mara nne kwa mwaka jua hupenya yote kwa wakati mmoja: linapochomoza mwezi Aprili na Septemba, na linapotua mwezi Machi na Oktoba. Watu hufurika siku hizo tangu usiku. Hata usipozipata, simama mlango wa mashariki utazame hadi mwisho, uone jinsi mafundi wa karne zile walivyoweza kunyoosha jengo la mawe juu ya mlima.

3. Inua macho juu ya mlango

Kizingiti cha juu cha mlango wa mashariki wa jengo kuu kina historia ambayo kila mtu wa Buriram anaijua. Kimechongwa mungu Vishnu amelala ubavu juu ya joka katikati ya bahari. Kitovuni mwake umechipua mmea wa yungiyungi, na juu ya ua ameketi Brahma. Miguuni pa Vishnu yuko mkewe, Lakshmi. Chini, pembezoni, kuna kasuku wawili ambao watoto wa shule huwatafuta kwa vidole. Juu ya kizingiti, kwenye paji la mlango, Shiva anacheza ngoma ya kuumba na kuangamiza.

Katika miaka ya 1960 kizingiti hicho kiliibwa. Kipande kimoja kilikamatwa katika duka la vitu vya kale Bangkok. Kikubwa zaidi kilikuja kuonekana Marekani, katika jumba la sanaa la Art Institute of Chicago. Wakati huohuo Idara ya Sanaa ya Thailand ilikuwa ikilikarabati hekalu, kazi iliyoanza 1971: kila jiwe lilipewa namba, likashushwa, msingi ukaimarishwa, kisha likarudishwa mahali pake. Hekalu lilipokaribia kukamilika, nafasi ile tupu juu ya mlango ikawa aibu ya taifa zima. Wananchi waliandamana, wanamuziki wakaimba, wasomi wakaandika, na mwaka 1988, mwaka uleule hekalu lilipofunguliwa rasmi kama hifadhi, kizingiti kikarudi.

Haikuishia hapo. Mwaka 2021 kizingiti kingine cha Buriram, cha hekalu la Nong Hong, kilirejeshwa kutoka San Francisco. Mimi niliposimama chini ya yule Vishnu niliwaza vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wafu, vilivyong'olewa pwani ya Kenya na kuuzwa hadi makumbusho ya Marekani, ambavyo baadhi vimerudi katika miaka ya karibuni. Wanaodai huambiwa kwamba vitu hivi viko salama zaidi ugenini. Buriram inajibu kwa vitendo: kizingiti kipo mahali pake, kinatunzwa, na mtoto wa mkulima anakiona bila viza.

4. Shuka bondeni ufuate maji

Kilomita chache kutoka Phanom Rung, kwenye tambarare, liko hekalu la Muang Tam, la karne ya 11 kwa sehemu kubwa. Wageni hulipita haraka kwa sababu halina mlima. Mimi naliweka sawa na lile la juu. Lina minara ya matofali katika uwanja mmoja, na ule wa katikati, uliokuwa mkubwa kuliko yote, umebaki msingi tu. Uzuri wake uko kwenye mabwawa manne yaliyopinda kwa pembe mraba kuzunguka uwanja huo, yamejaa yungiyungi, na kwenye ukingo wa kila bwawa amelazwa naga wa mawe. Fika mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali na wakati maua yamefunguka.

Ng'ambo ya barabara kuna ziwa la mstatili lenye urefu unaozidi kilomita moja. Lilichimbwa na watu. Isan hupata mvua nyingi kwa miezi michache na baadaye ardhi hukauka, kwa hiyo aliyetaka kutawala hapa ilimpasa kwanza ajue kuhifadhi maji. Ziwa hilo bado linatumika.

Muulize mwenyeji akuonyeshe pia majengo madogo ya mawe mekundu ya laterita yaliyo karibu, Kuti Rishi Nong Bua Rai na Kuti Rishi Khok Mueang. Ni mabaki ya mahali pa tiba pa enzi ya mfalme Jayavarman VII, aliyeanza kutawala mwaka 1181. Maandishi yake ya mawe yanataja hospitali 102 katika dola yake, pamoja na nyumba za wasafiri kando ya barabara kuu. Barabara ya kutoka Angkor kwenda Phimai ilipita hapa. Mkoa unaoitwa wa pembezoni leo ulikuwa njia kuu.

5. Udongo uleule unavaliwa

Katika kijiji cha Charoen Suk, chini ya Khao Phra Angkhan, wanawake hutia nguo rangi kwa udongo wa volkano. Nilikaa nao asubuhi nzima. Udongo mwekundu huchekechwa hadi ubaki vumbi laini, hukorogwa na maji, kisha huchujwa. Nyuzi huloweshwa katika tope hilo na kukandwa kwa mikono, tena na tena, ili rangi ipenye hadi ndani. Wengine huongeza maji ya magome ya miti yaliyochemshwa, ishike vizuri zaidi. Baadaye nyuzi husuuzwa, huanikwa, na kupandishwa kwenye kitanda cha mfumi.

Mfumi mmoja mzee alinipa fundo la uzi nijaribu. Msichana aliyekuwa akinitafsiria, aliyemwita yule mzee *yai* kama wanavyowaita bibi zao, akaniambia: "Bibi anasema usiukamue. Ukande taratibu, kama unamwogesha mtoto." Uzi ulitoka na rangi ya hudhurungi yenye wekundu kwa mbali, rangi ya barabara za vumbi za huko. Nguo hizo ni laini, na kadiri zinavyofuliwa ndivyo zinavyozidi kulainika.

Nunua kwa mfumi mwenyewe, na usivutane naye bei kama uko sokoni. Ukihesabu saa za kuchekecha, kukanda, kuanika na kufuma, utaona bei yake ni ya haki.

6. Jaruba nalo ni hifadhi

Korongo aina ya sarus, ndege mwenye shingo nyekundu anayeweza kufikia urefu wa mita 1.8, alikuwa ametoweka katika mazingira ya asili ya Thailand kwa miongo kadhaa. Mwaka 2011 waliofugwa katika bustani ya wanyama ya Nakhon Ratchasima walianza kuachiliwa Buriram, kwenye mabwawa kama Huai Chorakhe Mak, na sasa wanazaliana wenyewe.

Ndege hawa hutaga ardhini, mara nyingi katikati ya mpunga. Maisha yao yako mikononi mwa mkulima: akipulizia sumu, watakufa, akiona kiota na kukikwepa kwa mashine, vifaranga watakua. Baadhi ya wakulima waliacha dawa za viwandani, na mchele wao sasa huuzwa kwa jina la korongo huyo. Niliwaona wawili wakitembea majarubani, na mkulima hatua chache kutoka kwao akiendelea na kazi yake bila kuwashtua. Kwetu tunafundishwa kwamba wanyamapori ni wa mbugani na mkulima ni wa shambani. Buriram nimeona wakikaa pamoja, na mkulima akipata faida. Wanaopanga mustakabali wa korongo taji wa Uganda na Kenya, ambaye naye hutaga katika vinamasi vya wakulima, wana la kujifunza hapa.

7. Upe mji heshima yake

Mji wa Buriram unajulikana zaidi kwa mpira na pikipiki. Klabu ya Buriram United imeweka hekalu la Phanom Rung katika nembo yake, na tangu 2018 mashindano ya dunia ya MotoGP huja hapa. Hayo yameleta hoteli na barabara ambazo msafiri wa historia anazitumia pia.

Jioni nenda karibu na stesheni ya treni, kwenye vibanda vya vidonge vya nyama vilivyokaangwa. Watu hula wamesimama, wakichovya mishikaki kwenye mchuzi wa ukwaju na pilipili. Mwaka 2021 mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink, mzaliwa wa mkoa huu, alivitaja kwenye mahojiano, na foleni zikarefuka mara moja. Ukipita wilaya ya Prakhon Chai, onja uduvi waliochachushwa kwa chumvi na unga wa mchele wa kukaanga.

8. Chagua msimu, ulizia mpaka, lala huko

Novemba hadi Februari ndiyo miezi ya baridi ya wastani. Novemba utakuta mavuno. Aprili joto hukaribia nyuzi 40, ingawa ndio mwezi wa sherehe za Phanom Rung. Kati ya Juni na Oktoba mvua hunyesha na nchi yote hugeuka kijani. Kodi gari lenye dereva kutoka mji mdogo wa Nang Rong, ulio karibu na mahekalu.

Mwaka 2025 mapigano yalizuka kati ya majeshi ya Thailand na Kambodia kwenye mpaka, na wilaya za kusini mwa Buriram ziliguswa. Kabla ya kupanga safari, soma habari za karibuni, uulize hoteli, na utii wakikuambia barabara fulani imefungwa. Watu wa pande zote mbili ni warithi wa wajenzi walewale, na vijiji vingi vya kusini mwa Buriram huzungumza Kikhmer hadi leo.

Mwisho, usije na kurudi siku hiyohiyo. Lala kwenye nyumba ya wageni ya kijijini, nunua mchele na kitambaa, mlipe kijana akutembeze. Kizingiti kilirudi kwa sababu wananchi walikipigania, na korongo wamerudi kwa sababu wakulima wamekubali. Mgeni anayeacha fedha zake mikononi mwa watu hao anasaidia kazi hiyo iendelee.