Jirani Yako Anaitwa Nani?



Vijana wenzangu, leo nataka tutafakari jambo ambalo sikulijifunza darasani. Nimelijifunza kwa aibu.

Naishi Igoma, hapa Mwanza, na nasoma SAUT kule Malimbe. Kila alfajiri nagombania daladala: Nyakato, Buzuruga, Mabatini, mpaka mjini, halafu natafuta nyingine ya Nyegezi. Jioni ni hivyo hivyo kurudi. Ukikaa mjini muda kidogo unazoea kupita katikati ya watu bila kumwona mtu. Unaziba masikio kwa muziki, unainamia simu, kichwani unapiga hesabu za nauli na bando.

Nyumba niliyopanga ina vyumba vinane na bomba moja. Chumba cha mwisho anakaa mzee mmoja, fundi viatu. Wote tunamwita Babu. Kila asubuhi alikuwa ananiwahi kwa Kisukuma, "Mwangaluka!", na mimi natikisa kichwa tu huku nakimbilia kituoni. Siku nyingine hata shikamoo ilinipita.

Wiki ya mitihani, siku mbili zilipita sijasikia ile salamu. Niliona kabisa kwamba haipo. Nikajiambia labda amesafiri, nikarudi kwenye notisi zangu. Kati ya mlango wangu na wake ni hatua kama kumi.

Siku ya tatu jioni alikuja mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Alikuwa hajamwona mzee kwenye sala ya jumuiya, akaja kumwangalia. Akagonga, kimya. Akaniita, "Mwanangu, njoo unisaidie." Tukasukuma mlango. Babu alikuwa na homa kali, hawezi hata kuketi. Tukaita bajaji, tukampeleka hospitali.

Pale mapokezi nesi akaniuliza, "Kaka, mgonjwa anaitwa nani?"

"Babu," nikasema.

"Babu nani?"

Nikanyamaza. Mwaka mmoja na nusu tunachota maji bomba moja, sijui jina lake! Mama mwenyekiti ndiye aliyetaja majina yake mawili, na kijiji anachotoka, na namba ya binti yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza makaburi ya hapa kwetu Igoma. Wenyeji wa Mwanza mnayajua. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ikitokea Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wao wamezikwa Igoma, na wapo ambao hawakutambuliwa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini hata wale ambao majina yao hayakujulikana, watu waliwachukua kwa heshima, wakawazika, na mpaka leo wanakumbukwa. Wafu wasiojulikana walipata watu wa kuwahudumia, na mimi jirani aliye hai nilimwacha siku mbili nyuma ya mlango.

Tufungue Biblia. Katika Injili ya Luka 16:19-31, Yesu anasimulia habari za tajiri na maskini aliyelala mlangoni pake. Angalia kitu kimoja: maskini ana jina, anaitwa Lazaro. Tajiri hana jina. Mjini kwetu ni kinyume, mwenye pesa ndiye anayejulikana. Na tena, Injili haisemi kwamba tajiri yule alimpiga Lazaro au kumfukuza. Alikuwa anakula na kuishi maisha yake, basi. Mimi pia sikumfanyia Babu ubaya wowote. Ndipo nilipoelewa kwa nini mwanzoni mwa Misa tunaungama pia kutotimiza wajibu.

Sasa soma Yohana 10:3. Mchungaji mwema anawaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Kumjua mtu kwa jina ni kumpenda kidogo kama Mungu anavyompenda. Kanisa linatufundisha matendo ya huruma ya kimwili, na kutazama wagonjwa ni mojawapo. Lakini utamtazamaje mgonjwa kama hujui kwamba anaumwa? Huruma inaanza na salamu.

Najua mtasema mjini kuna matapeli, huwezi kumwamini kila mtu. Ni kweli, uwe na busara. Sisemi umpe kila mtu ufunguo wa geto lako. Nasema ujue anayelala ukuta wa pili anaitwa nani.

Tujiulize:
1. Majirani wangu wangapi nawajua kwa majina?
2. Nani akikosekana siku mbili nitamtafuta?
3. Jumuiya yangu inanijua, au nasali kama mpita njia?

Zoezi la wiki hii: chagua jirani mmoja, msalimie, muulize jina lake na umtaje katika sala jioni.

Babu alipona, amerudi kwenye viatu vyake. Siku hizi mimi ndiye namuwahi: "Shikamoo," na jina lake. Silitaji hapa, ila nalijua.

Tusali: Ee Yesu Mchungaji mwema, unayetujua wote kwa majina, tufungue macho tuwaone walio mlangoni petu. Wape pumziko waliolala Igoma na marehemu wote. Amina.