Damu Iliyomwagika na Jirani Anyamazaye

Mtu akiuawa usiku, na aliyemwua asijulikane, kijiji kizima huuliza: ni nani? Kuuliza ni haki. Hatari ni mahali tunapokwenda kutafuta jibu.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, imo sheria juu ya maiti aliyeokotwa shambani pasipo kumjua mwuaji. Wazee walipima mwendo kutoka maiti alipolala mpaka miji ya jirani. Kisha wazee wa mji uliokuwa karibu zaidi walinawa mikono juu ya mtamba aliyevunjwa shingo, wakiapa kwamba hawakumwaga damu ile wala hawakuona ikimwagwa. Tuangalie vema: hawakuagizwa kubahatisha jina la mtu. Waliagizwa kusema waliyotenda na waliyoyaona.

Sisi wa Segese, na ndugu zetu hata Geita, twahitaji sana somo hili. Mnamo Desemba 2014 mtoto wa miaka 4 mwenye ualbino alinyakuliwa usiku nyumbani kwao wilayani Kwimba. Watu walikamatwa, na zawadi ya fedha ikatangazwa kwa atakayetoa habari. Hata hivyo miezi ikapita, mtoto asionekane.

Wengine, penye giza kama hilo, hukimbilia ramli. Lakini mpiga ramli hakuona kitu. Hutaja jina ambalo wivu au ugomvi wa shamba umekwisha kulitayarisha. Ndivyo vikongwe wengi wa Usukumani walivyokatwa mapanga, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo aghalabu ni kazi ya moshi wa jikoni. Kifo kimoja kilitafutiwa sababu, vikawa vifo viwili. Serikali ilipiga marufuku ramli za namna hiyo Januari 2015. Lakini marufuku haifiki moyoni mwa mtu mpaka yeye mwenyewe aikubali.

Wala jina lililoandikwa kwa siri si ushahidi. Machi 2009 wananchi walipigishwa kura kuwataja waliowashuku kwa mauaji ya wenye ualbino. Karatasi yaweza kumwonyesha polisi pa kuanzia. Yaweza vilevile kubeba chuki. Haiwezi kuulizwa maswali mbele ya hakimu. Shahidi aweza.

Wala tusiseme kwamba haki haiwezekani kwetu. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ilipoketi Kahama, iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, wa Bukombe. Hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza ya namna yake nchini.

Basi yatupasa nini? Mwano ukipigwa, tuuitikie. Mahali pa mauaji pasikanyagwe kabla polisi hawajafika, maana unyayo nao ni shahidi. Aliyeona mgeni, pikipiki au nguo yenye damu, aseme upesi, na aseme hilo tu. Twajua kwamba kusema kunatisha, hasa mshukiwa akiwa wa ukoo. Kwa hiyo wazee wamsindikize shahidi, asiende peke yake.

Wazee wale wa kale walinawa mikono yao hadharani. Kila mmoja wetu na ajiulize: nikiitwa leo, nitaweza kuapa kwamba macho yangu hayakuona?