Sendofu ya Nkwenda na Diski Iliyofomatiwa

"Nimekupigia Windows mpya, sasa mashine inaruka," fundi aliniambia. Nikamuuliza, na diski D je? "Nimeziunganisha zote, braza, nafasi imekuwa kubwa!"

Ndani ya hiyo D kulikuwa na picha na video za sendofu ya Nkwenda, harusi mbili za Kaisho na ubarikio wa Nyaishozi ambao wenyewe hawajamaliza kulipa hadi leo. Sitamtaja fundi, wala mji wake. Bado ninamsalimia tukikutana, ila simsogelei na kitu chenye waya.

Nitakupa hatua tatu. Ya kwanza unaijua: acha kuitumia hiyo diski hapo hapo, kwa sababu kila kitu kipya kinachoandikwa kinakanyaga cha zamani. Fomati ya haraka ni kama karani wa chama cha msingi kuchana daftari: magunia ya kahawa bado yamo ghalani, ila hakuna ajuaye lipi ni la nani. Lakini kama diski ilipigwa fomati kamili, basi tangu Windows Vista hiyo hupaka sifuri kila mahali, na ghala linakuwa tupu kweli. SSD nazo nyingi hujisafisha zenyewe baada ya kufomatiwa. Yangu ilikuwa diski ya kuzunguka, ya GB 500. Windows mpya ilikuwa imekalia eneo la mwanzo tu.

Hatua ya pili: usinunue programu kwa pupa. Ile niliyoanza nayo ilinionyesha bi harusi anatabasamu kwenye kidirisha kidogo, kisha ikadai dola. Huo ni utekaji nyara. PhotoRec ni ya bure, nayo huja pamoja na TestDisk.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Usitafute mafaili kwenye diski yenyewe. Inakili kwanza nzima nzima, hata sehemu zinazoonekana tupu, iwe faili moja kubwa kwenye diski nyingine yenye nafasi kuizidi. Kazi hiyo hufanywa na ddrescue. Kwenye Ubuntu unaiomba kwa jina la gddrescue, halafu unaiita ddrescue. Jambo hilo peke yake lilinilia bando la asubuhi nzima.

Niliazima laptopu ya mdogo wangu, ambayo betri yake ilishakufa, inaishi kwa waya. Nikaiwasha kwa Ubuntu ya kwenye flashi ili nisiguse Windows yake. Diski ya mgonjwa nikaichomeka kwa kebo ya USB, na ya TB 1 pembeni kupokea nakala. Jaribio la kwanza likagoma kwenye GB 4, kwa kuwa ile ya kupokea niliifomati FAT32 zamani ili king'amuzi kiisome, na FAT32 haibebi faili linalozidi hapo. Nikaibadilisha kuwa NTFS, nikaanza upya. Usiku, ikiwa imefika GB 310, umeme ukakatika.

Sasa sikiliza. ddrescue huandika faili dogo la ramani, linaloonyesha ilikopita na ilikobakiza. Umeme ukirudi, unarudia amri ile ile na inaendelea ilipoishia. Mimi ramani niliihifadhi kwenye desktopu ya Ubuntu. Ubuntu ya flashi huweka mambo yake kwenye RAM. Umeme ukienda, na desktopu inakwenda. GB 310 zikawa sifuri. Nilikaa gizani nikisikiliza jenereta ya jirani, ambaye hata hakuwa na la kufanya nayo zaidi ya kutazama mpira.

Safari ya tatu nikaingia kwanza ndani ya diski ya TB 1, nikaandika:

sudo ddrescue -d /dev/sdc nkwenda.img nkwenda.map

Ramani ikakaa pale pale na nakala. Umeme ulikatika mara mbili tena, nikawa nacheka. Lakini uliporudi mara ya pili, diski zilikuwa zimebadilishana majina: sdc imekuwa sdd. Ningerudia amri bila kutazama, ningeinakili diski ya kupokea ndani ya yenyewe. Kila ukiwasha, andika lsblk kwanza. Mgonjwa wangu alionekana 465.8G, mpokeaji 931.5G.

PhotoRec ikaichambua ile nakala na kunirudishia maelfu ya picha, zote bila majina, tarakimu tupu. Nikazipanga kwa tarehe zilizomo ndani ya picha, nikagundua kamera yangu ilipoteza saa zamani, hivyo harusi zote zilifungwa Januari 2015. Nikazitenganisha kwa sare za kamati. Vitenge vya kijani, Kaisho. Zambarau, Nkwenda.

Nikapeleka kazi Nkwenda. Familia nzima ilijaa sebuleni, mashangazi wakicheka kila walipojiona. Video moja tu haikupona. Vipande vyake vilikuwa vimetawanyika diskini na PhotoRec haikuviunganisha.

"Mwanangu," baba wa bi harusi akasema, "hotuba yangu iko wapi?"

Nikamweleza habari za vipande. Akanisikiliza hadi mwisho, akaenda chumbani, akarudi na koti lile lile la siku ile likiwa bado kwenye hanga.

"Njoo Jumapili na kamera," akasema. "Nitaisoma tena."