Maji ya Moto kwa Jua: Bomba la Shaba au la Plastiki?

Zahanati au bweni linapotaka maji ya moto bila kuni wala umeme, kamati huchangisha fedha, hununua mtambo wa jua, kisha humwuliza fundi: bomba gani ni la bei nafuu? Ingefaa kuuliza kwanza maji yatakayopita humo yatakuwa na joto kiasi gani.

Kati ya paneli na tangi, tumia shaba. Siku ya jua kali, mtambo ukiwa umekaukiwa maji, joto ndani ya paneli hupita nyuzi 100. Bomba la kawaida la PVC hulegea joto linapokaribia nyuzi 60. Plastiki ya PPR, ile inayounganishwa kwa mashine ya kuyeyusha, ni imara zaidi, lakini kwa matumizi ya kila siku isizidi nyuzi 70 hivi.

Tena plastiki hurefuka. Bomba la PPR la mita 10 likiongezewa joto la nyuzi 50 hurefuka karibu sentimita 7.5; la shaba halifiki sentimita 1. Katika mtambo usio na pampu, maji ya moto hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu ya paneli. Bomba likijipinda na kufanya mgongo, hewa hunaswa hapo na mzunguko husimama. Jua linawaka, wodini yanatoka maji baridi, na paneli ndiyo inayolaumiwa!

Kutoka kwenye tangi, tanguliza mita chache za shaba, kisha PPR yenye alama PN 20 hadi kwenye koki. Haishiki kutu, na wezi wa vyuma chakavu hawaitaki. Ifunikwe isipigwe na jua, na iachiwe nafasi ya kurefuka kwenye kona.

Tangi likiwa la mabati, usitumie shaba kabla ya kuzungumza na fundi, kwani shaba huharakisha kutu ya mabati. Waya wa kuunganishia shaba usiwe na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Panapoogeshwa watoto, weka vali ya kuchanganya maji baridi na ya moto. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, bomba liwe la shaba au la plastiki.

Kabla ya kupiga plasta, jaza mtambo maji, uache siku nzima ya jua, kisha jioni kagua kila kiungo kwa mkono mkavu.