Dawa Zilizobaki Nyumbani: Zirudishwe Wapi, Zitupwe Vipi?

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa kuna droo, kopo au mfuko wa rambo wenye dawa zilizobaki. Humo utakuta kapsuli chache za antibayotiki za mtoto aliyekwisha kupona, chupa ya dawa ya kikohozi iliyoganda mdomoni, vidonge vya presha vya babu aliyebadilishiwa dawa, na vidonge vya madini chuma vya ujauzito uliopita. Hakuna anayezitumia wala anayezitupa, maana zilinunuliwa kwa fedha iliyopatikana kwa shida. Sababu hiyo ni ya kuheshimiwa, ila hasara ya kuzitunza mara nyingi huzidi bei yake.

Haya ni maswali yanayoulizwa sana kuhusu dawa hizo.

Nianze wapi?

Anza kwa kujiuliza kwa nini zimebaki. Watu wengi hukimbilia kuuliza pa kuzitupa na kuliruka swali hili, ilhali ndilo linalomgusa mgonjwa mwenyewe.

Chukua dawa mseto ya malaria, ALu. Mtu mzima hupewa vidonge 24, anavimeza vinne vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Pakiti yake ikibaki na vidonge vinane, dozi haikukamilika, hata kama homa ilikwisha siku ya pili. Homa hushuka mapema kwa sababu vimelea wengi wamekufa, lakini wachache wanaobaki wanaweza kuongezeka na kumrudisha mgonjwa kitandani. Hapo haifai kutupa wala kutunza. Rudi kwa aliyekupa dawa, umweleze uliishia wapi.

Pengine dawa ilikudhuru ukaiacha kimyakimya. Dawa nyingine za presha huleta kikohozi kikavu kisichoisha, nyingine huvimbisha miguu. Metfomini ya kisukari huwasumbua wengi tumboni katika wiki za mwanzo. Mgonjwa akiacha bila kusema, daktari atakayempima baadaye ataona presha iko juu na huenda akamwongezea dawa ya pili juu ya ile ambayo hamezi. Vidonge vilivyobaki vingemwambia daktari ukweli huo kwa haraka. Basi vibebe vyote siku ya kliniki, pamoja na pakiti zake. Hakuna aibu, na muuguzi anayekugombeza kwa hilo anakosea kazi yake.

Wakati mwingine dawa hubaki kwa sababu mgonjwa alihudhuria hospitali mbili, kila moja ikampa dawa ileile kwa jina tofauti la kibiashara. Mzee mwenye pakiti mbili za amlodipini zenye rangi tofauti anaweza kumeza zote mbili kila asubuhi akidhani ni dawa mbili. Soma jina la dawa yenyewe, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara.

Kwa nini nisizitunze kwa ajili ya siku nyingine?

Baadhi zinaweza kutunzwa. Panado ambazo muda wake haujapita, zilizo ndani ya pakiti yake, mahali pakavu na mbali na watoto, hazina shida. Dawa unayoendelea kuitumia nayo ni yako. Ikizidi kidogo, itumie kabla ya kufungua mpya.

Zisizotunzika ni zile zilizotolewa kwa ugonjwa mmoja ulioisha. Dawa ya maji ya amoksilini ikishachanganywa na maji hudumu siku 7, au 14 kwa zile ambazo mtengenezaji ameelekeza zikae kwenye friji. Tarehe iliyochapwa kwenye chupa ni ya unga kabla haujachanganywa, na hapo ndipo wazazi wengi hukosea. Matone ya macho mengi hutakiwa kuachwa wiki nne baada ya kufunguliwa hata yakibaki nusu chupa, kwa sababu bakteria huingia kila unapoyatumia. Insulini iliyofunguliwa nayo kwa kawaida hudumu wiki nne, tena pasipo na joto kali. Kwenye joto la pwani mwezi Machi, juu ya kabati lililo chini ya bati, dawa huweza kuharibika kabla ya tarehe yake.

Kuhusu antibayotiki naomba nisieleweke vibaya hata kidogo: kapsuli nne zilizobaki hazitatibu chochote. Hazitoshi dozi, na kikohozi au mafua yajayo huenda yameletwa na virusi ambavyo antibayotiki haiviui. Zinachofanya ni kuua bakteria dhaifu mwilini na kuwaacha wenye nguvu waendelee kuzaana. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Afrika iliyo kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Je, nimpe jirani mwenye ugonjwa kama wangu?

Swali hili linatoka kwenye moyo mwema. Jirani ana presha, wewe umebadilishiwa dawa, zako ziko nzima na yeye hana fedha. Lakini kundi moja la dawa za presha linaweza kumbana pumzi mwenye pumu, lingine likamdhuru mtoto aliye tumboni, na lingine likapandisha potasiamu kwa mwenye figo dhaifu. Jirani huenda hajui hali ya figo zake. Ukitaka kumsaidia, msindikize zahanati au mchangie nauli.

Hata mataifa yenye fedha yamejifunza hivyo. Ufaransa iliwahi kukusanya dawa zilizorudishwa na wagonjwa, zikachaguliwa na kupelekwa nchi maskini. Utaratibu huo ulisitishwa kisheria mwishoni mwa 2008, na tangu hapo dawa zinazorudishwa huteketezwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa nayo inakataza kutoa msaada wa dawa zilizokwisha kukabidhiwa wagonjwa kisha zikarudishwa. Hakuna anayeweza kuthibitisha zilikaa kwenye joto gani, wala kama kilichomo kwenye kopo ndicho kilichoandikwa nje. Wakati wa vita vya Bosnia na muda mfupi baadaye, kati ya 1992 na 1996, zaidi ya nusu ya dawa zilizopelekwa kama msaada zilikuwa hazifai, na nchi iliyokwisha kuumia ikabaki na maelfu ya tani za kuteketeza. Ndugu zetu walio Uingereza, Marekani au Ghuba wanaorudi likizo na begi la dawa zilizobaki walikumbuke hilo.

Kuna mtoto ndani. Ni dawa zipi za kuogopa zaidi?

Wengi watataja dawa za usingizi. Mimi ningeanza na vidonge vya madini chuma, vile vinavyotolewa bure kliniki ya wajawazito. Vipo karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo, vingine vimepakwa sukari na vina rangi nyekundu, na mtoto huviona kama peremende. Konzi moja inaweza kumuua mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Hutapika na kuharisha, kisha huenda akatulia kwa saa kadhaa hadi wazazi wapumue, halafu hali ikabadilika ghafla na ini likaanza kushindwa.

Cha pili ni glibenklamaidi ya kisukari. Kidonge kimoja cha bibi kinaweza kushusha sukari ya mtoto mpaka akapoteza fahamu, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Dawa za presha kama nifedipini na amlodipini ni hatari vilevile. Panado nazo zikimezwa nyingi huharibu ini huku siku ya kwanza mtoto akionekana mzima.

Kwa hiyo mtoto akimeza dawa, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo hata kama anacheza. Usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa wala mafuta. Beba pakiti au chupa yenyewe, maana jina la dawa na idadi ya vidonge vilivyopungua ndivyo vitakavyomwongoza daktari. Kwa sumu ya panado ipo dawa ya kuizuia, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kutolewa ndani ya saa 8.

Si nizichome tu, au nizitumbukize chooni?

Moto wa taka uani hauna joto la kutosha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1999 inataka dawa za vidonge ziteketezwe katika tanuri la vyumba viwili lenye joto lisilopungua nyuzi 850. Moto wa majani na karatasi haufiki hapo. Pakiti nyingi za vidonge zimetengenezwa kwa plastiki yenye klorini, na zikiungua kwa joto dogo hutoa moshi wenye sumu ambao huvutwa na mama aliyesimama kando na mwanawe mgongoni.

Chooni napo, fikiria ua wako. Sehemu nyingi choo cha shimo na kisima viko kiwanja kimoja, na mvua za masika hupandisha maji ya ardhini mpaka yakutane na kilichomo shimoni. Hata mabwawa ya majitaka ya mijini hayakujengwa kuondoa kemikali za dawa.

Dawa ikitoka mikononi mwetu haiachi kuwa dawa. Huko India na Pakistani wafugaji walizoea kuwatibu ng'ombe kwa diklofenaki, dawa ileile tunayomeza kwa maumivu ya mgongo. Tai waliokula mizoga ya ng'ombe hao walikufa kwa kuharibika figo. Watafiti walikitambua chanzo hicho mwaka 2004, wakati aina tatu za tai zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 95. India, Pakistani na Nepali zilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006.

Basi nizipeleke wapi?

Mahali pa kwanza ni pale zilipotoka: hospitali, kituo cha afya, zahanati au duka la dawa. Tanzania Bara, vituo na maduka hutakiwa kuzitenga dawa zisizofaa, kuziorodhesha na kuziteketeza chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyojulikana kama TFDA hadi 2019. Zanzibar kazi hiyo ni ya Wakala wa Chakula na Dawa, na Kenya ni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa zako chache zikiingia kwenye mkondo huo, zitafika kwenye tanuri linalostahili.

Zipo dawa ambazo lazima zirudi kituoni. Mofini ya maji ya wagonjwa wa saratani ni mojawapo. Dawa za saratani zenyewe pia, pamoja na haidroksiyurea wanayotumia watoto wenye selimundu. Mjamzito asizishike kwa mikono mitupu. Dawa za kifua kikuu zirudi kwa mtoa huduma aliyezitoa, na ARV zirudi kliniki ya tiba na matunzo. Sindano za insulini ziwekwe kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, kisha zipelekwe kituoni. Zikitupwa kwenye rambo, atakayechomwa ni kijana wa gari la taka au mwokota chupa pale dampo la Pugu, Dar es Salaam.

Nikikosa kabisa pa kuzirudisha?

Kwa vidonge vya kawaida na dawa za maji zilizobaki kidogo, itumie njia hii kama ya mwisho. Toa dawa kwenye pakiti zake bila kuzisaga. Zichanganye na kitu ambacho mtoto wala mnyama hatakitamani, kama majivu, udongo au machicha ya chai. Tia kwenye kopo au mfuko usiovuja, ufunge vizuri, uweke kwenye taka siku ambayo gari la taka linapita. Futa jina la mgonjwa kwenye lebo. Pasua maboksi na toboa chupa za plastiki, kwa kuwa vifungashio vizima huokotwa na vinaweza kujazwa dawa bandia, au chupa ya dawa ya mtoto ikaishia kuwekwa mafuta ya taa. Dawa ya pumu ya kuvuta ina gesi, usiitoboe wala kuitia motoni.

Na dawa za marehemu?

Baada ya msiba familia hugawana nguo na vyombo, na mara nyingine dawa huingia humo. Shangazi anachukua vidonge vya kisukari, mjomba anachukua vya maumivu. Naiomba familia imteue mtu mmoja, mapema kabla wageni hawajatawanyika, akusanye dawa zote na kuzirudisha hospitali. Mofini hasa isibaki ndani hata wiki moja, kwa sababu nyumba ya msiba inaingiwa na watu wengi.

Duka au kituo kikikataa kuzipokea?

Inatokea, na si kila mara kwa ubaya. Mwenye duka huwaza gharama za kuteketeza, na muuguzi huenda hajapewa maelekezo. Muulize mfamasia wa hospitali ya wilaya, au ofisi ya kanda ya TMDA.

Naamini mzigo huu haupaswi kubebwa na mgonjwa peke yake. Ufaransa sheria inayalazimisha maduka ya dawa kupokea dawa zinazorudishwa na wananchi, na Marekani imekuwa na siku maalumu za kuzikusanya tangu 2010. Sisi tunaweza kuanza na sanduku moja lenye kufuli katika kila kituo cha afya, likifunguliwa na mfamasia tu. Zahanati na vituo vyetu vya umma vina kamati za usimamizi zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Mwone mjumbe wa eneo lako, mwombe sanduku hilo liwe ajenda ya kikao kijacho, na umuulize wazi fedha za kuteketeza dawa zitakazowekwa humo zitatoka fungu gani.